Mfano Alioutoa Alisi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, neno moja lilipomponyoka msichana darasani, na kabla jua halijaelekea upande wa Kongo wanaume wenye mafuta ya gari hadi viwikoni walikuwa wamesimama getini wakimngoja.

Kesho unaanza mwaka wa saba, ndiyo maana nakuandikia. Mimi si mzee wa mvi, na shule yangu haikwenda mbali. Niliishia mwaka huohuo unaouanza wewe. Naandika polepole, nafuta, narudia. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua mama yako: nikitaka kusema jambo kubwa uso kwa uso, naishia kukuuliza kama umekula. Basi vumilia mwandiko wangu.

Shule yetu ilikuwa Buyenzi, nyuma ya magereji. Tulisoma huku bati likipigwa nyundo na injini zikijaribiwa, hata mwalimu akitaka kusema jambo la maana alisubiri kwanza injini izimwe. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Madamu Furaha, mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo, aliyekimbilia hapa na watoto wake. Kirundi alijua cha sokoni tu, cha kuuliza bei. Kiswahili alikipenda mpaka akawa mkali nacho. Ukisema "mutu" mbele yake ndani ya darasa, unarudishwa useme tena mpaka ile "u" ipotee. Nje, uwanjani, yeye mwenyewe alisema "mutu" kama sisi wote.

Mwaka ule tulisoma riwaya ya zamani, kitabu walichokisoma hata waliomfundisha yeye. Nakala zilikuwa chache. Tulisoma watatu kwa kitabu kimoja, na chetu kilikuwa kimevishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kilisimulia juu ya watawala wawili waliotenganishwa na mto, na vita vilivyokuwa vikinukia kati yao. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kwa hiyo kabla ya kila sura Madamu aliandika ubaoni maneno magumu. Tulitafuta maana, kisha akadai mfano. Na mfano usitoke kitabuni, alisema, utoke kwenu: nyumbani, sokoni, mtaani. Neno ambalo hujalikuta kwenu, bado hulijui. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na ilikuwa njia nzuri. Nasema hivyo usije ukadhani namlaumu.

Kwenye dawati letu Hamisi alikaa upande wa dirisha, mimi katikati, Alisi upande wa njia. Hamisi alikuwa mtoto wa Mzee Kibwana, fundi wa kuziba rejeta za magari. Lakini Buyenzi nzima ilimjua mzee huyo kwa kazi nyingine. Mtu akifariki, yeye ndiye aliyetumwa kupeleka habari nyumba hadi nyumba. Alinawa mikono, akavaa kofia yake, akaenda, na alijua kuisema habari ile kwa namna ambayo mtu aliweza kuipokea akiwa bado amesimama.

Alisi alitoka Gasenyi, kule pembeni mwa mji, na kwao walisema Kirundi kitupu. Mama yake alibembeleza ofisini kwetu mpaka akapata nafasi ya mtoto, na mkuu wa shule akamwambia wazi kwamba ni nafasi ya kujaribiwa. Akifanya fujo au akishindwa masomo, itapewa mwingine. Alisi alilijua hilo. Alijifunza Kiswahili kama mtu anayekimbizwa. Njia yake ilikuwa kuchukua neno la Kirundi, kulikatakata kidogo, kulitia sauti ya Kiswahili na kulisema. Mara nyingi ilimfaa, kwa sababu lugha hizi mbili ni ndugu. Mara nyingine haikumfaa. Siku moja alituambia kaka yake ameoa mgeni mzuri sana, kwa sababu kwa Kirundi bibi harusi ni *umugeni*. Tulicheka, naye alipoelewa akacheka kutushinda.

Sasa sikiliza. Asubuhi ile neno la kwanza ubaoni lilikuwa "mjumbe". Madamu alieleza kwamba ni mtu anayepelekwa na wengine akaseme neno lao. Akadai mfano. Hakuna aliyetaka kukosea. Ndipo Alisi, ambaye hakuwa na desturi ya kunyoosha mkono, akaunyoosha.

"Baba yake Hamisi ni mtumwa," alisema. "Mutu akikufa, wanamutuma, anaenda ku nyumba za watu."

Ile sentensi ya pili nadhani tuliisikia sisi wa dawati lake tu. Kicheko kilianza nyuma, kwa kijana mmoja aliyeitwa Saidi, kikaja mbele kama maji ya mvua.

Hapa lazima nikueleze kitu. Kwa Kirundi mjumbe ni *intumwa*. Ni neno la heshima. Kanisani kwao Gasenyi, kila Jumapili Alisi alisikia wanafunzi wa Yesu waliotumwa duniani wakiitwa hivyo. Alilichukua, akaondoa mwanzo wake, akaweka "m", na kwake lilikuwa Kiswahili safi. Lakini Buyenzi ni mtaa wa zamani. Wazee wa wazee wetu walifika hapa kutoka pande nyingi, wengine na biashara zao, wengine wakifuata watu ambao hawakuchagua kuwafuata. Zipo nyumba ambazo bibi wa bibi yao alinunuliwa. Watu wanazijua, na hawazisemi. Nyumba ya Mzee Kibwana ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo neno hilo kwetu halichezewi, na Alisi alikuwa amelitamka mbele ya darasa zima, akitabasamu, akingoja aambiwe vizuri.

Nilinyoosha mkono. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa nusu ya mwaka bila kusikika. Nikaanza, "Madamu, kwa Kirundi..." Madamu alikuwa amekasirika, na darasa lilikuwa linapiga kelele. Alisema humu tunasema Kiswahili, nishushe mkono. Nikaanza tena, kelele zikanizidi. Alikuwa ameshamshika Alisi bega anampeleka ofisini.

Alisi alinigeukia mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizwa kitu kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia.

Mkuu wa shule hakupiga kelele. Alimwambia tu arudi kesho asubuhi na mama yake, na kwamba watu wa nyumba ya Hamisi wakilalamika, nafasi yake imekwisha. Akamkalisha kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nilijaribu kumfuata Madamu wakati wa mapumziko nimweleze, nikamkuta ofisini kwa mkuu, mlango umefungwa. Nikasimama. Nikagonga kidogo sana. Hakuna aliyesikia.

Uwanjani mambo yalikuwa yanaongezeka. Wengine walisema Alisi amesema Hamisi ni mtoto wa watumwa. Wengine walisema ameambiwa hivyo na mama yake. Saidi alimpitia Hamisi na chupa tupu akasema, "Mutumwa, niletee maji." Kundi lake likaanguka kwa kicheko. Hamisi hakumpiga. Aliangalia ile chupa, kisha akaenda kukaa peke yake karibu na ukuta.

Nilimfuata. Nilimwambia polepole kwamba Alisi hakuwa na maana hiyo, kwamba ni *intumwa* alilotaka kusema, kwamba alikuwa anamsifu baba yake.

"Mi najua," Hamisi akasema. "We unafikiri mi sijui Kirundi?"

Nikamwuliza basi kwa nini hasemi.

"Ye alisema neno. Lakini wale wote walicheka wakiniangalia mimi. Hata mumoja hakumuangalia ye. Unaelewa, Zaina? Hakuna aliyeuliza ni kwa nini. Wote walikuwa wanajua tayari."

Mwanangu, nilikuwa sijafika huko kwa mawazo yangu. Mimi nilidhani jambo ni neno lililokosewa, likishanyooshwa limekwisha. Karibu darasa lote lilisema Kirundi. Wote wangeweza kujua alichotaka kusema, kama wangetaka kujua kwa muda wa kumeza mate tu. Lakini walilipenda lile tusi zaidi, kwa sababu walikuwa nalo nyumbani, limefunikwa, na sasa mtu amelifunua bila wao kulaumiwa.

Mchana tulipotoka, Shabani kaka yake Hamisi alikuwa getini na mafundi wenzake wawili. Habari ilikuwa imefika gereji, na ilifika ikiwa imenenepa. Shabani hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetengenezea watoto wa mtaa baiskeli zao bure. Lakini siku ile shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Alisi alinishika mkono, na kucha zake ziliniingia.

"Ni huyu?" Shabani akauliza. Saidi akanyoosha kidole.

"We mutoto, nani amekutuma kutukana muzee wangu? Mama yako? Kwenu Gasenyi ndiyo munafundishwa hivyo?"

Alisi alifungua mdomo, na kwa hofu kila kilichotoka kilikuwa Kirundi, tena cha kasi, na watu walikuwa wengi na wanasema kwa pamoja. Hamisi alimvuta kaka yake kwa nyuma ya shati, Shabani akausukuma mkono wake. Kisha Shabani akapiga hatua mbele. Sijui alitaka kufanya nini. Labda kusema tu. Lakini Alisi alirudi nyuma akaanguka, na watu wakasogea.

Nilisema. Sikupaza sauti, sauti ya kupaza sikuwa nayo. Niliingia kati yao nikasimama karibu na Shabani mpaka ikambidi ainamishe kichwa ili anisikie, na nikasema kidogo kidogo, neno moja moja, kama ninavyoandika sasa. Nilimwambia Madamu alidai mfano wa mjumbe. Nilimwambia Alisi alitafuta mtu mwenye heshima anayetumwa na watu, na kati ya watu wote anaowajua mjini hapa alimwona baba yake. Nilisema sentensi ile ya pili ambayo wengine hawakuisikia. Kila nilipokwama niliacha, nikameza mate, nikaendelea. Shabani alikuwa anataka kunikatiza na hakuweza, nadhani kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu unayelazimika kuinama kumsikia.

"Unamutetea kwa sababu ni rafiki yako," akasema mwishowe, lakini alisema kwa sauti yangu, ya chini.

Wakati huo Mzee Kibwana alikuwa amefika. Aliambiwa mwanawe amefunga gereji mchana, akaja kuona ni msiba wa nani. Watu wakampisha. Alimwinua Alisi akamkung'uta vumbi begani, kisha akamwambia kwa Kirundi aseme tena kile alichosema darasani, kwa lugha ya mama yake.

Alisi akasema akilia, "*Se wa Hamisi ni intumwa.*"

Nilitegemea atacheka, jambo liishe. Hakucheka.

"Huyu hakunitukana," akasema, sasa kwa Kiswahili, na kwa watu wote. "Lakini nimeambiwa kuna waliocheka. Nyinyi mulicheka nini?"

Saidi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bibi ya mama yangu alinunuliwa. Sasa nimelisema mimi, hamuna haja ya kunongonezana. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga hodi. Mutu akifiwa ku nyumba yako, ni mutoto wa mujukuu wake anakuja kukuambia, na unamufungulia mulango. Basi mulicheka nini?"

Kisha akamgeukia Shabani akamwambia arudi gerejini, kuna rejeta ya mtu inangoja, na kwamba siku nyingine akitaka kutetea heshima ya baba yake aanze kwa kumwuliza baba mwenyewe kama imeumia. Shabani aliondoka. Mimi mzee alinitazama tu, akasema, "Ulichelewa, lakini ulifika." Sikujua kama ni sifa au ni lawama, na mpaka leo sijaamua.

Usidhani yaliishia hapo. Nafasi ya Alisi ilikuwa bado mikononi mwa ofisi. Kesho yake mama yake alikuja na kitenge chake cha kanisani, macho mekundu. Mzee Kibwana naye alikuja. Mimi niliitwa kueleza, na nilieleza, kwa namna yangu. Madamu Furaha alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akamwambia mkuu wa shule kwamba nilitaka kulisema hilo darasani naye akanizuia kwa sababu nilianza kwa Kirundi. Alilisema mwenyewe, mbele ya mkubwa wake. Ndiyo maana nimekuambia usidhani namlaumu.

Mkuu wa shule alitaka Alisi aombe msamaha mbele ya darasa. Mzee akasema apana, ukimwombesha msamaha utakuwa umewaambia watoto kwamba alitukana kweli. Basi mkuu akauliza mzee anataka nini. Madamu alikuwa ameshapendekeza sura ile iachwe, waende kwenye inayofuata, kwa sababu ndani yake mjumbe anavuka mto, anakamatwa, na anafanywa mtumwa. Neno lenyewe limejaa kurasa nzima.

"Musiiruke," Mzee Kibwana akasema. "Mutoto wangu asome hapo."

Nakuambia kweli, nilidhani ni ukatili.

Alisi aliruhusiwa kurudi, ila mkuu alisema macho yake yako kwetu, likitokea la pili hatasikiliza mtu. Tukaingia darasani. Madamu alimwita Hamisi asimame asome. Alisoma vizuri, sauti tambarare, mjumbe akavuka, akafika, akakamatwa. Nilikuwa nimeshika ncha ya kitabu na niliona neno linakuja mistari mitatu chini, miwili, mmoja. Alisi alikuwa amefumba macho. Injini zote za Buyenzi zilikuwa zimezimwa, au mimi nilikuwa sizisikii.

Hamisi alifika kwenye neno akasimama. Akainua uso akatazama darasa, safu kwa safu, mpaka nyuma kwa Saidi. Hakuharakisha. Kisha akalisoma, likasikika lote, na akaendelea na sentensi mpaka nukta. Hakuna aliyecheka. Saidi aliinamisha uso.

Alipokaa, Madamu alifuta ubao akaandika kitenzi kimoja: kutuma. Chini yake akaandika mtume, mtumishi, mtumwa. Akasema yote yamezaliwa hapo, na akatuuliza tofauti yake ni nini. Mwishowe Alisi, bila kunyoosha mkono, akasema polepole, akichunga kila herufi, kwamba mtumwa ni yule anayetumwa na hawezi kusema apana. Madamu hakumsahihisha ile "apana". Akaandika sentensi yake ubaoni kama alivyoisema, na sote tukainakili.

Hamisi naye akanakili. Kisha, bila kumtazama, akasukuma kitabu kidogo upande wa Alisi, mpaka kikavuka mbele yangu, ili aone vizuri.

Mwaka ule mama yangu aliugua, nikaacha shule, na sura za mwisho za riwaya ile sikuzisoma. Sijui vita viliishaje. Wewe utanisomea.

Sasa nakuambia ninachotaka ushike. Utakutana na maneno mapya mengi, na darasa lako litakuwa na watoto wa Buyenzi, wa Gasenyi, wa Nyakabiga, na waliovuka mpaka juzi. Kila mmoja atakuja na maneno ya kwao na kuyavalisha Kiswahili. Neno baya likikufikia, usilipime kwanza kwa sikio lako. Mwulize aliyelisema amelitoa wapi. Na wengine wakicheka, kabla hujacheka jiulize unacheka neno lililokosewa, au unacheka mtu ambaye ulikuwa na jambo lake siku nyingi. Hayo mawili yanafanana kwa sauti tu.

Na kama umerithi kimya changu, usikione aibu, lakini usikifanye nyumba ya kujificha. Kama ndani ya chumba ni wewe unayezielewa pande zote mbili, sema. Sema polepole, sema ukitetemeka, mlazimishe mtu ainame. Ukizuiwa mlango wa kwanza, nenda wa pili. Lugha uliyoanza nayo isikuzuie. Mwalimu mzuri atajirudi, na asiyejirudi utakuwa umeshafanya sehemu yako.

Nenda mwanangu. Mungu akutangulie njiani na akukalie karibu darasani. Akupe ulimi usioharakisha na moyo usiocheka haraka. Na siku neno litakapokuponyoka, kwa maana litakuponyoka, akuwekee kando yako mtu atakayelidaka kabla halijafika chini.